Mipira Mitatu na Pumzi za Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya tatu tangu wanitengeneze nyonga. Nilianguka kutoka kwenye kigoda nikifuta vumbi kombe langu la drafti. Kombe halikuvunjika. Fainali ya mwaka huu ni Jumapili. Kinyozi, mpinzani wangu wa miaka yote, ametuma salamu: pole sana mzee, usijisumbue, kombe nitakuja kulichukua mwenyewe. Mshenzi! Daktari anasema Jumamosi naweza kurudi nyumbani, mapafu yakiwa safi. Mapafu yanahusu nini? Mimi nimevunjika nyonga, bwana.

Asubuhi kaja binti wa mazoezi ya viungo. Nimembatiza Inuka-Babu, maana neno jingine halijui. Eti mzee akilala chali kutwa baada ya kupasuliwa nyonga, makohozi yanatuama chini ya mapafu, na nimonia hiyoo! Kinga yake ni kukaa kitini, kutembea, kukohoa kwa nguvu, na kuvuta pumzi kwenye kidude chenye mipira mitatu. Ukivuta vizuri, mipira inapanda. Mara kumi kila saa. Nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Hakikupanda kitu ila presha. Akasema ni kuvuta, babu, si kupuliza. Nikamwambia kidude chake kibovu.

Kisha akaniachia karatasi ya kuweka tiki kila saa. Hapo moyo ukatulia. Miaka thelathini na minne nilikuwa karani wa masjala. Faili likiwa sawa, mtu yuko sawa.

Jumanne, 4 Machi

Karatasi imejaa! Tiki zimejipanga mstari mmoja, raha kuzitazama. Nikajifunika shuka, nikauchapa usingizi.

Saa nne asubuhi akaja Inuka-Babu. Akaisoma, akaisifu sana. Halafu akauliza, kwa adabu zote, mazoezi ya saa kumi jioni nimeyafanya lini. Nikasema mimi ni mtu wa kuwahi. Wodi nzima ikaangua kicheko. Kuanzia sasa kila tiki lazima isainiwe na shahidi, yaani mgonjwa wa kitanda cha pili.

Shahidi mwenyewe ni mstaafu wa bendi ya polisi. Nyonga yake nayo ni ya juzi juzi. Alipiga tarumbeta maisha yake yote, na ndilo jina tunalomwita. Tarumbeta akivuta, mipira yote mitatu inagonga juu na kukaa huko mpaka achoke kuitazama. Ananikera mno. Ila nimegundua kwamba jicho lake halibanduki kwenye biskuti alizoniletea mke wangu. Penye nia pana njia.

Jumatano, 5 Machi

Mambo shwari! Mapatano yamefungwa. Tarumbeta anavuta mara kumi zake kwenye kidude chake, kisha mara kumi zangu, hapo hapo. Anatembea hadi dirishani na kurudi kwa ajili yake, halafu anarudia kwa niaba yangu. Anakohoa mara mbili, moja kila mtu. Mimi natia tiki, yeye anasaini. Biskuti mbili kila saa. Nilimuuliza kama dhamiri haimsumbui. Akajibu kwamba biskuti zina tangawizi.

Mimi nimelala chali kama mfalme. Inuka-Babu amesoma karatasi akashindwa kuamini macho yake. Kesho, anasema, ataniletea wageni wajifunze kwangu. Nimenyoa ndevu.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa.

Wageni walikuwa wanafunzi wanane na daktari. Inuka-Babu akanitambulisha kuwa mgonjwa wa mfano, akanipa kidude. Nikavuta. Mpira wa kwanza ukatikisika kama jino bovu, ukakaa. Hiyo miwili mingine haikujua kama kuna mtu. Nikaanza kukohoa, nikashindwa kunyamaza. Tarumbeta akageukia ukutani.

Daktari akanisikiliza mgongoni. Chini upande wa kushoto kuna sauti ya kukwaruza. Joto limepanda. Nimonia inapiga hodi, akasema, na Jumamosi niisahau. Nikaanzishiwa sindano.

Mke wangu alifika wakati muuguzi anaichoma. Nilitegemea matusi, ningeyamudu. Badala yake akakaa kitandani akanikumbusha kuhusu baba yake. Naye alivunjika nyonga. Mfupa ulitengenezwa vizuri kabisa. Nimonia ikamchukua siku ya kumi na moja. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba hataki kurudi nyumbani amebeba viatu vyangu mkononi. Halafu akalia. Miaka arobaini na sita ya ndoa, sijawahi kumliza mbele za watu.

Niliogopa. Naandika hapa kwa kuwa daftari halina mdomo. Niliogopa sana.

Nikaungama yote, mpaka biskuti. Akafuta machozi, akaenda kuchukua mfuko wa biskuti, akaufungia mkobani. Kisha akaniambia nivute.

Ijumaa, 7 Machi

Tarumbeta karuhusiwa kwenda zake! Daktari anasema hajawahi kusikia mapafu kama yale kwa mtu wa miaka sabini na tatu. Si ajabu, yamefanya kazi ya watu wawili! Amenishukuru kwa machozi. Nikamjibu kwa kikohozi.

Mke wangu amehamia kwenye kiti cha wageni. Anahesabu kwa sauti, na nikivuta kwa uvivu anarudi kwenye moja. Kukaa kitini, saa nzima. Kukohoa, makohozi yakatoka ya rangi ambayo sitaiandika. Hatua sita na fremu ya kutembelea, Inuka-Babu mbele, mke nyuma, mimi katikati kama mwizi aliyekamatwa. Kufika jioni mpira wa kwanza umepanda. Nimepiga kelele hadi muuguzi akaja mbio.

Jumapili, 9 Machi

Mipira miwili! Joto limeshuka. Hatua ishirini. Lakini leo ndiyo fainali, na mimi niko wodini.

Nisipotokea, kinyozi anapewa kombe la bure. Nikapata wazo. Drafti huchezwa kwa kukaa, na Tarumbeta alinifunga hapa wodini mara tatu. Nikamwandikia barua ya uwakilishi, yenye kumbukumbu namba na aya nne, nikamtuma shemeji yangu aipeleke pamoja na kombe la kushindaniwa. Mke wangu aliuliza kama sijachoka kuwatuma watu wanifanyie mambo yangu. Nikamwambia hii ni tofauti kabisa.

Saa kumi na mbili jioni simu ikalia. Kinyozi kapigwa vibaya, kaomba maji! Nimecheka mpaka nikakohoa, na Inuka-Babu akasema hicho ndicho kikohozi anachokitaka.

Jumatano, 12 Machi

Nyumbani! Mapafu safi, mipira mitatu juu, daktari kanipa mkono. Mke wangu ameimba njia nzima.

Rafu ya kombe iko tupu. Nikampigia Tarumbeta. Anasema aliyelishinda ni yeye, jina lake ndilo lililosomwa, na limependeza sana juu ya kabati lake. Nikamsomea barua, aya ya tatu. Akasema aya hiyo ilimwagikiwa chai.

Kabla hatujatoka wodini, Inuka-Babu alinipa karatasi mpya ya nyumbani: kuvuta, kukohoa, kutembea, kila siku mpaka mwisho wa mwezi. Alishika mkono wangu akauliza kama nimejifunza. Nikamwapia kuwa nimejifunza. Mke wangu akaitikia amina, na tulipofika nyumbani akaingia jikoni kwa amani.

Na kweli nimejifunza. Kosa langu siku ile lilikuwa kutumia kalamu moja na mwandiko mmoja. Safari hii nimejaza hadi tarehe 31 kwa kalamu tatu, tiki nyingine zimeinama kama za mtu aliyechoka. Sasa nalala kidogo.