Vipimo Vitatu vya Mtu Mrefu

"Idara ya afya," Kola alisoma kwa sauti ya mtu anayelipwa kusoma, "imepokea pikipiki kumi za milimani, ambazo, kwa mujibu wa mkurugenzi, zinamfaa kila..."

Akakwama. Mbele ya neno palikuwa na shimo.

"Kila nani?" Sofa akauliza.

"Pamekatwa. Kwapa la mteja hilo."

Kola alikuwa fundi cherehani. Gazeti kwake lilikuwa kwanza la kukatia vipimo vya mashati, kusoma baadaye, ndiyo maana pale kijiweni watu walishazoea habari zisizo na mikono.

"Kila mtu," Ngazi akadakia kutoka mwisho wa benchi. "Wameandika zinamfaa kila mtu. Waongo hao! Wakaniulize mimi!"

Alikuwa na haki ya kufoka. Ngazi alipeleka chanjo kwenye zahanati za milimani, na Mungu alimpa urefu bila kuuliza atautumia wapi. Pale kwenye benchi la mbele ya gereji alikaa na kikombe cha kahawa juu ya goti, na hakuhitaji kukiinua; aliinamisha kichwa tu akanywa. Mojawapo ya zile pikipiki kumi iliegeshwa mbele yake, mpya, nyekundu, na magoti yake yalikuwa yamevimba kwa kuugonga usukani wake.

"Nikikata kona, goti linakata kabla yangu," alisema. "Mgongo unawaka moto. Jana mwanangu kaniuliza, baba, mbona unatembea kama umeangusha kitu?"

"Si urudishe, upewe ya watu warefu?" akasema Sofa. Huyu alitengeneza viti, na yeye mwenyewe alikuwa mfupi, mnene, laini kila pembe.

"Hakuna ya watu warefu. Na Ijumaa bosi anatupima. Mayai thelathini yanawekwa kwenye sanduku la chanjo. Unapanda kilima cha mawe, unashuka. Yakivunjika zaidi ya matatu, pikipiki anapewa mwingine na wewe unahamishiwa masjala."

"Masjala si pazuri? Kivuli, feni, majalada hayana makelele."

"Mkuu wa masjala ni mama mkwe wangu."

Benchi zima likamgeukia. Hata Mzee Safari Njema, aliyekuwa anasinzia, akafungua jicho moja.

"Meza zinatazamana," Ngazi akaendelea kwa sauti ya chini. "Nimekwenda kuziangalia. Kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, uso kwa uso."

"Hapo hata kupiga miayo ni kesi," Kola akasema.

"Kujikuna je?"

"Usithubutu! Ukijikuna mchana, jioni mkeo anajua umejikuna wapi, kesho ukoo umeitisha kikao."

Mama mkwe mwenyewe hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililomtesa Ngazi. Angekuwa mkali angemzoea. Lakini alikuwa mpole, mwenye adabu, na kila akimwona alimwuliza, "Umekula, baba?" Ngazi, mtu mzima na ndevu zake, alijikuta amefunga mikono nyuma, anaitazama sakafu na kujibu "Nimekula, mama" hata kama tumbo linanguruma hadi mtaa wa pili. Saa nane za namna hiyo kila siku zingemmaliza. Alikuwa na hofu kweli, na hakuona haya kuisema.

"Basi umefika kwa wenyewe," Kola akasema, akavua utepe wa kupimia shingoni. "Simama."

"Si tumsubiri Grisi? Gereji ni yake."

"Grisi kafuata tairi, atarudi jioni. Spana si hizi hapa? Simama, nyoosha mkono."

Kola akampima toka bega hadi kiganja, akapiga mbinja. "Mikono hii ni ya kaka wawili! Usukani lazima usogezwe mbele. Shati likibana mikono, mwenye shati anainama. Mambo ni yale yale."

"Wewe Kola hujui kitu," akasema Sofa. "Nani anapanda pikipiki amesimama kama anapimwa suti? Mtu anakaa! Kaa, Ngazi. Tazama umbali wa kalio na kisigino. Hapa ni kuongeza sponji, tena nene. Nitamjazia kiti hiki mpaka ajione waziri."

"Waziri gani ana magoti haya?"

"Vijana mnabishana bure." Mzee Safari Njema akajivuta, akachukua futi yake ya chuma. Alikuwa seremala wa majeneza. "Urefu wa mtu haujulikani amesimama, kwa sababu mtu akisimama anajidai. Akikaa anajikunja. Ukweli wa mtu ni amelala. Lala hapo, mwanangu."

"Nilale, Mzee?"

"Lala chali. Miaka thelathini napima warefu, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika."

"Mzee, mimi bado niko hai!"

"Ndiyo maana nakupima bure."

Ngazi akalala kwenye benchi, miguu ikaning'inia nje. Mzee akapima polepole, akitikisa kichwa kwa heshima ya kazi. Ngazi alifumba macho, kisha akayafumbua haraka, maana kuyafumba kulimfanya ajisikie vibaya.

"Ubao mmoja hautoshi," Mzee akanong'ona.

"Mzee!"

"Samahani, mazoea. Vikanyagio vya miguu virudishwe nyuma, shibiri nzima."

Kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Saa moja baadaye, kila fundi alikuwa amevutia kwake: Kola kasukuma usukani mbele, Sofa kajaza kiti sponji mbili, Mzee kafunga vikanyagio nyuma kwa vyuma viwili na misumari ambayo kazi yake ya kawaida ilikuwa ya huzuni zaidi. Ngazi akapanda, akakaa. Kusema kweli, alikaa vizuri. Magoti yalipumua. Mgongo ulinyooka. Kwa mara ya kwanza wiki ile alitabasamu.

"Mnaona!" watatu wakasema kwa pamoja, kila mmoja akijisema mwenyewe.

"Ninayo mayai sita ya mazoezi," Ngazi akasema. "Ngoja nizunguke kwenye lile korongo la nyuma."

Akaenda. Wakasikia pikipiki ikinguruma, ikinguruma zaidi, kisha ghafla ikapiga kelele kama imeonewa. Kisha kimya. Ngazi akarudi akiisukuma, tope mpaka kwenye nyusi, na sanduku linadondosha kitu cha njano.

"Yamebaki mangapi?" Sofa akauliza.

"Limebaki ganda."

"Sponji je? Ilikuwa laini?"

"Laini mno! Kila jiwe linanirusha juu, nikirudi naikuta pikipiki iko kwingine! Nikaona nisimame, niwe nalikwepa jiwe kwa magoti. Nasimama hivi, usukani uko huko mbele chini, nikainama kama mtu anayenawa uso bombani. Nikakata kushoto, waya wa kuongezea mafuta ukavutika, injini ikapata wazimu. Mimi huyo korongoni!"

"Nani kashika spana zangu?"

Grisi alikuwa amefika, tairi begani. Akaizunguka pikipiki mara mbili, akagusa msumari wa jeneza, akawatazama mafundi mmoja mmoja.

"Mzee, shikamoo. Hii ni kazi yako?"

"Marahaba. Mchango mdogo tu."

"Nyinyi nyote, kwa hekima zenu, mmempima mtu amesimama wima, amekaa, na amelala. Hakuna aliyemwuliza anavyopanda kilima?" Akaigeukia pikipiki. "Kwenye mawe hukai, Ngazi. Kiti ni cha kupumzikia barabarani. Kwenye mawe unasimama, magoti yamekunjika kidogo, yanameza mitikisiko. Hii pikipiki inapangwa kwa mtu aliyesimama. Panda."

Akaitegemeza barabara kwenye stendi, akamsimamisha Ngazi juu yake, akafanya kazi huku Kola, Sofa na Mzee wakishika taa, bolti na ndimi zao. Vikanyagio alivirudisha mahali pake, akavishusha upana wa vidole viwili. Chini ya usukani akaweka vipande viwili vya chuma, ukapanda juu badala ya kwenda mbele. Waya akaupitisha njia fupi zaidi ili usivutike kwenye kona. Mikono ya klachi na breki akaizungusha kidogo, kifundo cha mkono kisikunjike mtu akisimama. Hata kile kikanyagio cha gia akakiinua, maana kiatu cha Ngazi kilikuwa kama mtumbwi.

"Sponji moja itabaki," akamwambia Sofa. "Kiti kikiwa juu, safari ya kukaa na kusimama inakuwa fupi. Usinune."

"Sijanuna. Nilijua."

Ngazi akasimama juu ya vikanyagio. Mgongo ulikuwa umelegea, mikono imefika bila kuomba, magoti yamelibana tangi. Akajiona mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu apewe pikipiki ile hakujionea haya. Machozi yalimlengalenga, akasema ni vumbi.

Ijumaa jioni wote walikuwa kwenye benchi kabla ya wakati. Pikipiki ikaja taratibu, ikazimwa. Ngazi akashuka bila kusalimu.

"Yamevunjika?" Kola akauliza.

"Hata moja halikupata ufa."

Benchi likalipuka. Sofa akamkumbatia kiunoni, ndipo alipofika. Mzee akasema vipimo vyake vimezaa matunda. Lakini Ngazi aliketi, akapokea kahawa, akawa anaitazama tu.

"Sasa mbona uso wa msiba?" Grisi akauliza.

"Bosi kafurahi mno. Kasema hajawahi kuona mtu kasimama imara vile mlimani. Kasema mimi ndiye nitakayepewa abiria." Akakiweka kikombe gotini. "Kila Jumatatu, mkuu wa masjala anatakiwa kukagua majalada ya zahanati zote. Nimbebe mimi."

"Mama mkwe? Si heshima hiyo?" Sofa akasema. "Amekaa nyuma, hamtazamani. Jikune utakavyo!"

"Sofa, fikiri. Mlimani mimi nasimama. Yeye amekaa."

Sofa akafikiri. Wote walimwona akifikiri. Kikombe kikasimama njiani kuelekea mdomoni, kisha kikarudi chini.

"Mungu wangu," akasema.

"Na hajakaa mbali. Kasema anaogopa miinuko, kwa hiyo, 'usijali, baba, nitajishikilia kwako.'"

"Utasimama, atashika wapi?"

"Nawauliza nyinyi! Si mafundi?"

Kola akajivika utepe shingoni. Mzee Safari Njema akakumbuka ana mteja asiyeweza kusubiri, ingawa wateja wake wote huweza. Grisi akajaribu: "Basi siku hiyo kaa."

"Nikikaa kwenye mawe, unajua kilichoyapata mayai. Mayai yananunuliwa mengine. Huyu nitarudi kwa mke wangu nikamwambie limebaki ganda?"

"Basi mwambie bosi umeshindwa, akupeleke masjala," Kola akasema, tayari amesimama kuondoka.

Ngazi akainama, akanywa kahawa iliyokuwa juu ya goti.

"Nikishindwa, namtazama mama mkwe usoni kutwa nzima," alisema. "Nikifaulu, ananitazama yeye, tena pasipo na uso."