Kikwembe cha Pentekoste

Jumatatu, 2 Juni 2025
Maman Philomène, présidente wa kwaya yetu, amechoka. Kila Jumapili akina mama wanakuja na vikwembe tofauti, kila mmoja na kitenge chake. Anataka ukurasa wa intaneti utakaotangaza kikwembe cha siku. Pentekoste kwaya ya Bengamisa inatutembelea, hataki aibu mbele ya wageni. Atakayetengeneza ukurasa bora atakuwa katibu wa kwaya. Katibu! Nangoja cheo hicho miaka sita. Binamu yangu Guelord naye ameinua mkono. Mwenye tamaa.

Jumanne, 3 Juni
Nimepiga mistari kwa rula, safu mbili, nikalinganisha njia yake na yangu. Guelord amechukua kiunzi kikubwa cha kuundia programu, chenye kila kitu ndani: usajili, neno la siri, ruhusa za msimamizi. Ni kukodi lori la Bafwasende kubeba fungu moja la pondu, majani ya muhogo. Mimi nimechukua kiunzi chepesi. Faili moja, mistari arobaini na miwili. Ndani hamna kitu. Unachohitaji unaongeza mwenyewe. Sikuongeza.

Jumatano, 4 Juni
Nimemaliza saa nne asubuhi. Guelord bado anasakinisha. Amechungulia, akauliza: "Donc mutu yote anaweza kuingia?" Nimemweleza kwa upole kwamba neno la siri ni mzigo. Nani atagusa ukurasa wa kwaya?
Maman Philomène ameujaribu. Umefunguka kabla hajavaa miwani! Ameandika mwenyewe: cha bluu. Wa Guelord, amesema, atautazama akipata nafasi. Nimeanza kufanya mazoezi ya sahihi ya katibu.

Ijumaa, 6 Juni
Ukurasa umefunguliwa mara mia mbili na kumi. Kwaya ina watu thelathini. Wanaupenda kupita kiasi!

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste
Bengamisa: sare, kuanzia kofia hadi viatu. Sisi: bluu, kijani, njano, na Maman Ursule katika zambarau ya harusi ya dada yake. Ukurasa umebadilishwa mara kumi na tisa. Kila mama aliandika kikwembe alichokuwa nacho kisafi. Maman Ursule amekiri bila aibu: palikuwa na kisanduku cha kuandika, basi akaandika.
Maman Philomène hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali.
"Basile, mutoto yangu, hii nyumba yako haiko na mulango?"
Katibu ni Guelord.

Jumatatu, 9 Juni
Nimechunguza kosa kwa utaratibu na nimelipata. Mistari arobaini na miwili ilikuwa mingi mno. Nimegundua kiunzi kingine, nusu ya uzito! Paroko anatafuta ukurasa wa zamu za kufagia kanisa. Nimejitolea kabla Guelord hajasikia. Majina yote ya parokia yameshaingia, langu likiwa la mwisho. Bwana katibu amepita kunishauri kuhusu neno la siri. Nimemwambia asijisumbue. Ni orodha ya ufagio. Nani ataigusa?