Chokaa ya Waridi

Jumatatu, 13 Oktoba 2025
Ijumaa ni arubaini ya binti yetu Wafa. Leo ni siku ya thelathini na sita naishi hapa Malindi kama mlinzi wa ghala tupu. Zakiya na mtoto wako kwa mama yake, Bi Nana, mitaa miwili kutoka hapa. Mke wangu anasema atarudi Ijumaa. Bi Nana anasema itategemea. Chumba chetu kina kiza na harufu ya unyevu, na mjukuu wake hakuzaliwa aje kulala handakini. Alhamisi atakuja kukagua. Aliyasema hayo mbele ya shemeji Yaseen, naye akacheka. Yaseen ana dari ya jasi.

Mpango: nipake chumba waridi! Zakiya alishanitumia kwa simu picha ya rangi anayoitaka. Hafifu, yenye joto, mfano wa maziwa yaliyotiwa tone la sharubati. Rangi ya dukani haishiki kwenye kuta hizi za matumbawe. Ya mwaka jana ilibanduka kama ngozi ya nyoka. Basi chokaa, pamoja na ule unga mwekundu wa sakafu. Kazi ya mtu mwenye akili. Yaani mimi.

Jumanne, 14 Oktoba
Fundi Randu alikuja kutoka Matsangoni. Nilikusudia kumchota maarifa, kisha nipake mwenyewe. Alinitambua tangu mlangoni, akaomba chai kwanza. Kisha akasema mambo mawili. Chokaa mbichi huonyesha rangi kali, ikikauka hupauka. Na kila ndoo itiwe kopo la chumvi, la sivyo itamganda kila atakayeigusa.

Nilimweleza kwamba bahari iko hatua mia mbili kutoka dirishani. Kuta hizi zinakula chumvi tangu enzi za babu yangu. Niongeze ya nini? Randu alinitazama. Akamaliza chai. Akasema sawa, bwana Taib, nyumba ni yako.

Nilianza adhuhuri. Rangi ya maini! Nikaongeza chokaa. Bado maini. Nikaongeza tena. Na tena.

Jumatano, 15 Oktoba
Chumba ni cheupe pepepe. Ni kweli Randu alisema hupauka. Sikumbuki kama alisema kwa mkazo.

Nimeanza upya, unga maradufu. Zakiya alipiga simu nikiwa juu ya ngazi, akauliza ni nini kinachosugua. Nikasema napiga mswaki. Akauliza kama nimeota meno mengine. Kisha akasema Wafa ametabasamu asubuhi, mara ya kwanza. Sikuwapo.

Alhamisi, 16 Oktoba
Imekauka. Niliweka simu ukutani, sikuona picha inaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Ndiyo yenyewe!

Bi Nana alikuja alasiri, na buibui jipya. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akinusa pembe za chumba. Akaketi kitandani, akaegemea ukuta. Kahawa, vikombe viwili. Kaimati, saba. Saa nzima. Mwishowe akasema ni kizuri, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Watakuja kesho.

Aliposimama nikauona mgongo wake. Waridi, kutoka mabegani hadi kiunoni. Nilifikiri kumwambia. Lakini alikuwa ametoka kusema watakuja. Nikamfungulia mlango. Akapita sokoni, kwa mshonaji, na barazani pa majirani zake wote.

Ijumaa, 17 Oktoba
Yaseen alipiga simu alfajiri, akashindwa kusema kwa kicheko. Nilimwelewa hata hivyo. Safari imevunjwa. Bi Nana anasema mjukuu wake si kipande cha samaki, hawezi kulazwa kwenye unga.

Nilikwenda. Shikamoo yangu haikujibiwa. Zakiya alitoka chumbani na mtoto na begi, akaomba aonyeshwe lile buibui, akacheka hadi akashika kizingiti. Kisha akamwambia mama yake kwamba Baba Wafa amepaka chumba kizima mara mbili kwa mikono yake, na Yaseen hajapaka hata siagi kwenye mkate. Yaseen aliacha kucheka. Bi Nana alianza, akiwa ametugeuzia mgongo, mabega yakimtikisika. Akasema twende, lakini kitanda kikae katikati ya chumba.

Kitanda kiko katikati. Wafa ana shavu moja la waridi. Nilisahau kunawa kabla ya kumbeba. Akanitazama, akatabasamu. Nilikuwapo!

Jumamosi, 18 Oktoba
Zakiya amemwita Randu. Amerudia chumba kwa ndoo mbili zenye chumvi. Ilipokauka nikasugua kwa kanzu nyeupe. Haikutoka hata chembe. Randu aliomba chai.

Lakini nina deni la heshima kwa mama mkwe. Jumatatu anakwenda harusini Kilifi, siku mbili. Nitampakia sebule nzima waridi, akirudi apigwe na butwaa. Randu ameuliza kama aniachie chumvi iliyobaki. Nimemwambia aende nayo. Nimeshatambua kosa lilikuwa wapi: hatua mia mbili ni mbali mno. Nyumba ya Bi Nana iko hatua hamsini tu kutoka baharini.