Manowari ya Muhuru Bay

Jumapili, 15 Juni 2025

Kombe lingine! Benard, mwalimu mwenzangu, amerudi nalo kutoka mashindano ya maigizo na kuliweka juu ya kabati la walimu, mbele ya kiti changu hasa. Ni la nne. Mimi, Motari, miaka sita nafundisha Jiografia katika shule hii ya wasichana, nina cheti kimoja tu. Cha kuhudhuria.

Mchana ikawa zamu yangu ya kuwaonyesha wasichana filamu. Nilikuwa na flashi niliyonunua Migori mjini, imeandikwa "Meli za Kivita za Japani". Nilitarajia wazee wenye miwani wakieleza mambo ya injini. Balaa! Ni katuni. Wasichana wa shule, sketi zimepigwa pasi, wanaendesha manowari. Mmoja kashika usukani, mwingine anafyatua mizinga, na nahodha wao ana miaka kumi na sita.

Nikanyoosha mkono nizime. Nikageuka kwanza. Wasichana mia mbili, kimya! Hata kukohoa hakuna. Ndipo Madam Bosibori, mwalimu mkuu, akaingia na kuuliza hii ni nini. Nikamwambia ni Jiografia ya bahari. Akavuta kiti. Baada ya vipindi vitatu akauliza kama kuna cha nne.

Nimeona mwanga. Kombe langu limo ndani ya hii flashi.

Jumatatu, 16 Juni

Chama cha Manowari kimezaliwa! Wanachama sitini, arobaini kati yao wametoroka maigizo ya Benard. Kapteni ni Beverlyne wa kidato cha tatu, mtoto wa hapa ufuoni, msichana wa maneno machache. Damaris amejipa mizinga. Mimi nimejipa cheo cha Admirali.

Benard akasema mbele ya walimu wote kwamba chama cha manowari bila meli ni kwaya tu. Walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaona tangazo ukutani: mashindano ya kupiga makasia ya shule, Homa Bay, tarehe 29. Wapiga makasia wanane na mshika usukani mmoja. Kombe lina urefu wa mbuzi aliyesimama! Nimejaza fomu palepale. Palipouliza kama shule ina boti nikaandika ndiyo. Sasa natafuta boti.

Jumatano, 18 Juni

Siku ya diplomasia. Nimeshuka ufuoni na Beverlyne na barua rasmi, kwamba serikali inafanya utafiti wa samaki na inahitaji boti moja na wasichana tisa. Nilipiga muhuri mwenyewe. Bonface, mwenyekiti wa wavuvi, akaisoma polepole, akafika kwenye muhuri, akausoma kwa sauti: "Kitabu hiki kirudishwe baada ya siku kumi na nne." Muhuri wa maktaba! Ufuo mzima ulicheka, hadi wanunuzi kutoka upande wa Tanzania.

Halafu Bonface akaacha kucheka. Akasema tangu babu zake mwanamke haingii kwa boti ya uvuvi. Msichana mmoja akipanda, samaki watahama. Wakipanda tisa, ziwa lenyewe litahama.

Mama mmoja aliyekuwa anaanika omena, dagaa wa ziwani, akasimama. Ni Pauline, mamake Beverlyne. Ana boti mbili na wanaume kumi wanamfanyia kazi, ila kwa miaka ishirini hajaweka mguu ndani ya hata moja.

"Bonface, hiyo boti ya kijani ni ya nani?" akauliza.

Bonface akasema ni yake Pauline.

"Mbao nilinunua mimi. Misumari nilinunua mimi. Hao samaki wakihama, niambie wameenda wapi, nitawafuata mimi mwenyewe."

Akapangusa mikono kwa leso, akamwambia Beverlyne achukue boti.

Nimemwandikia Madam Bosibori kwamba mazungumzo yamefaulu kutokana na barua yangu.

Jumatatu, 23 Juni

Mazoezi. Mimi ni mtu wa milimani, maji ninayoyafahamu ni ya karai. Nilivaa jaketi mbili za kuokoa maisha, moja juu ya nyingine, na nikashindwa kuinamisha shingo. Amri niliziandika kwa Kijapani, kama nilivyozisikia kwenye katuni. Nilipotoa ya kwanza, wanne wakapiga kasia mbele, wanne nyuma, na boti ikazunguka kama jiwe la kusagia. Nilitapika upande wa kulia. Baadaye na wa kushoto, kwa usawa.

Beverlyne akanirudisha nchi kavu kwa adabu sana. "Mwalimu, admirali wa kweli hukaa makao makuu." Ni kweli kabisa kivita! Nikakaa juu ya debe. Yeye akaanza kuhesabu kwa Dholuo, achiel, ariyo, achiel, ariyo, na ile boti ikakata maji kama imepakwa mafuta. Kutoka juu ya debe langu nilihisi uongozi wangu ukiwafikia.

Benard alikuwa nyuma ya mti na simu. Kufikia chakula cha mchana kutapika kwangu kulikuwa kwenye kundi la walimu. Madam Bosibori mwenyewe ameweka kidole gumba.

Ijumaa, 27 Juni

Silaha ya siri! Nimepaka boti rangi ya kijivu, kama ile ya kwenye katuni, na mbele nimefunga kwa waya mizinga miwili ya mabomba ya mfereji. Beverlyne akasema ni mizito, pua ya boti itazama. Nikamweleza kwamba vitani adui hushindwa moyoni kwanza. Damaris peke yake alifurahi.

Pauline akaja. Akaikwaruza boti yake kwa ukucha. Akauliza kama rangi hiyo inatoka. Nikasema inatoka kwa maji tu.

Haitoki.

Jumapili, 29 Juni

USHINDI! Naandika mkono ukiwa bado na maji.

Tulifika Homa Bay saa tatu, boti juu ya lori la mchanga, wasichana wakiimba. Shule nyingine nane, zote za wavulana. Walipoona mizinga yetu walicheka hadi wakakaa chini. Beverlyne hakuwatazama. Alikuwa anaonja upepo kwa kidole.

Mpango wangu sikuwa nimemwambia mtu. Manowari yoyote lazima iwe na admirali mbele. Nikalala kifudifudi chini ya mizinga, nikajifunika turubai, nikangoja. Kilo tisini na nane, mabomba mawili, siri kubwa.

Firimbi! Wengine wakaruka. Sisi tukabaki kama tumepigiliwa misumari. Pua iliingia maji. Nikasikia Damaris akipiga kelele kwamba turubai linapumua. Nikaona ni wakati wa kujitokeza. Nikasimama, nikashika mzinga, waya ukakatika, na mimi na mizinga yote miwili tukaingia Ziwa Victoria.

Maji baridi! Nilikunywa mengi. Mtu akanishika kola akanivuta ndani ya boti ya waokoaji kama gunia la omena, na nilipofungua macho nikamwona Pauline. Alikuwa amewaambia waokoaji kwamba hawezi kumtazama mtoto wake kutoka nchi kavu, akapanda. Alikuwa amesimama katikati, viatu mkononi, maji chini yake kwa mara ya kwanza, na hakuwa ananiangalia tena.

Nikageuka. Boti yetu, bila mimi, ilikuwa imeinuka kama imeamshwa usingizini. Walikuwa wa tisa. Wakawa wa sita. Achiel, ariyo. Wakawa wa tatu. Wavulana wa mbele wakaanza kutazama nyuma, na kila aliyetazama nyuma alipoteza pigo. Pauline alipaza sauti hadi ikakauka, kisha akaendelea bila sauti, midomo tu. Ufuoni niliona mtu juu ya mabega ya wenzake akipunga shati na kulia, "Wasichana wa Muhuru! Boti yetu!" Alikuwa Bonface.

Nusu ya boti! Tumeshinda kwa nusu ya boti!

Kisha waamuzi wakakaa kikao. Walisema boti ilibeba mtu wa kumi, kwa hiyo kombe halitoki. Roho yangu ilizama mara ya pili. Beverlyne akaenda mbele yao, jasho likimtiririka.

"Sheria inasema watu tisa wavuke mstari," akasema. "Hebu hesabuni. Tulivuka wangapi?"

Wakahesabu. Tisa. Mwamuzi mkuu akaanza kucheka, na walipomaliza kucheka wote wakampa kombe. Yeye akamkabidhi mamake. Pauline alilikumbatia kombe lile, na hata Benard, aliyekuja kurekodi nikiaibika, alilazimika kutoa leso.

Mimi nilijua moyoni nani alipunguza uzito wa boti wakati ufaao.

Jumatatu, 30 Juni

Kombe limepita la Benard kwa kichwa kizima! Benard mwenyewe amenipa mkono. Ufuoni Bonface anamwambia kila mtu kwamba wazo lilikuwa lake, na jana wavuvi walipata samaki wengi kuliko wiki yote. Pauline ataingia ziwani na boti zake kuanzia kesho. Ile ya kijivu ataiacha kijivu.

Madam Bosibori ameniletea barua. Anampongeza kapteni Beverlyne na wasichana wote, anamteua Pauline kuwa mlezi wa chama, na ananikataza kukaribia maji yoyote nikiwa na wanafunzi, hata ya bomba. Nimeielewa vizuri. Viongozi wakubwa huhamishwa wakishamaliza kazi.

Tena imekuja wakati mwafaka. Nimepata flashi mpya. Wasichana wa shule, ila safari hii wanaendesha vifaru! Na Awendo kuna matrekta ya kubebea miwa, makubwa, yamejaa tele. Nimeshawaandikia wenye matrekta kwamba nitafika Jumamosi kufanya majaribio. Usukani uko kulia au kushoto, mojawapo. Nitauliza nikishapanda.