Mpenda Ukweli wa Saa Moja na Dakika Tisa

Jumanne asubuhi, kikombe cha kwanza kikiwa bado nusu, Antena alitutangazia kwamba Clotilde ametajwa kwenye blogu.

Kijiwe chetu kiko Kakuma mjini, chini ya mabati ya Clotilde, kando ya barabara inayoelekea Lopur. Kina benchi mbili, jiko la mkaa na sheria moja. Hakuna anayesoma simu kimya. Ukisoma, unasoma kwa sauti, na unasoma yote. Kikombe cha pili hakimiminwi kabla maoni ya wasomaji hayajaisha.

Msomaji wetu ni Nestor, Mrundi anayefundisha hisabati katika kambi ya wakimbizi. Tunamwita Antena kwa sababu ya kisomaji alichonacho kwenye simu. Mtu wa kawaida akitaka habari huenda blogu kwa blogu akibisha hodi. Kisomaji humwondolea safari hiyo. Ukishakiorodheshea blogu unazozipenda, kila andiko na kila maoni mapya hukufuata ulipo, yakiwa yamepangwa kwa saa. Antena alitumia wiki nzima kutufafanulia jambo hili. Siku ya saba Lopeyok, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Lopur ambaye sisi humwita Spika, alifunga mjadala.

"Hii kitu ni kama kisima," alisema. "Wewe kaa tu hapo. Mbuzi ya kila mtu itakuja yenyewe kunywa."

Tuliona maelezo hayo yanatosha.

Wa nne wetu ni Mutua, mpima ardhi aliyetoka Mwingi miaka sita iliyopita. Jina lake la kijiweni ni Futi, kwa kuwa hakubali neno lolote mpaka aambiwe urefu na upana wake. Mimi huitwa Katibu. Sijapata kuridhika na sababu zinazotolewa.

Basi habari ilikuwa hivi. Christelle wa Kalobeyei, mwenye blogu ya vyakula na vinywaji, alikuwa ameandika kwamba walimu wangekuwa na mkutano wa siku tatu Lodwar, na kamati ilitafuta mtu wa kuwapikia kahawa. Majina yaliyobaki yalikuwa mawili: Abuk wa Lokichoggio na Clotilde wa Kakuma. Kamati ingeamua saa sita mchana. Katibu wa kamati, Bi. Makena, aliahidi kusoma maoni ya wasomaji kabla ya kuamua.

Clotilde aliacha kupepea jiko. Yeye ni Mkongo wa Uvira, mwanamke wa maneno machache, na kahawa yake ya tangawizi imewahi kumfanya dereva wa lori la mpakani Nadapal asahau kwamba injini inanguruma. Alimwomba Antena aanze na maoni.

Antena alisoma. Kumi ya kwanza yalikuwa asali tupu. Mmoja alisema kahawa ya Clotilde ilimponya mafua. Mwingine alidai ilimponya uvivu, na Spika akataka ushahidi, maana mwandishi alikuwa binamu yake. Kisha Antena akafika la kumi na moja, akakohoa, akamtazama Clotilde.

"Soma," Clotilde alisema. "Sheria ni sheria."

"Limeandikwa na mtu anayejiita Mpenda Ukweli," Antena alisema. "'Nawaonya ndugu zetu wa Lodwar. Kahawa ya Clotilde siku hizi ni maji yaliyosalimiana na kahawa kwa mbali. Msisumbuke kumwita.'"

Nje, punda aliyebeba mitungi alipita taratibu, na hata yeye alionekana kutusikiliza.

Wa kwanza kusema alikuwa Futi. Alikasirika kwa mpangilio mzuri sana. Kwanza alilaani watu wanaojificha nyuma ya majina ya bandia. Pili alisema mwoga wa namna hiyo angepaswa kufungwa, tena kwa kipimo kinacholingana na uongo wake. Tatu alikumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Alisema haya yote akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, kama shahidi anayeapa.

Spika aliona mkono wa Lokichoggio. Alisema Abuk ndiye mwenye faida hapo, na adui wa biashara huanza na ulimi kabla ya kuja na fimbo. Futi aliunga mkono haraka. Alieleza kwamba kutoka Kakuma hadi Lokichoggio si mbali, na kwamba uchochezi hauhitaji nauli. Alikuwa ameanza kutaja aina ya watu wanaoishi huko, Clotilde alipomkatiza.

"Si Abuk," alisema. "Yule muntu anakunywaka hapa. Anasema 'siku hizi'. Abuk hajakanyaga hapa tangu mvua. Asiyekuja hajui siku hizi."

Hoja hiyo haikuwa na ufa. Tulianza kutazamana. Mimi nilitaja siku nilizokuwa Lodwar kikazi, ingawa hakuna aliyeniuliza. Spika aliapa kwa ng'ombe wake wote, kisha akakumbushwa kwamba anauza mbuzi. Ndipo Clotilde alipoketi kwenye kigoda chake, jambo ambalo hafanyi wakati wa wateja.

"Mimi sitafuti sifa," alisema. "Sylviane, mdogo wangu, yuko Lodwar. Amezaa mtoto. Mtoto ana miezi miwili na mimi sijamwona hata uso. Nikitaka kutoka hapa naulizwa kibali, na kibali kinaulizwa barua. Barua ya kamati njo ile ningepeleka. Sasa banasema kahawa ni maji."

Hakulia. Alichukua kipepeo chake cha ukili, akakitazama, akakirudisha chini.

Futi alikiweka kikombe chake kwenye benchi. Alikiweka ukingoni kabisa, kikikaribia kuanguka. Kwa mtu wa vipimo, halikuwa jambo la kawaida.

Antena alikuwa bado anapandisha na kushusha kidole kwenye kioo cha simu. Nilimwona akisimama, akirudi juu, akisimama tena. Ni mwalimu wa siku nyingi, na uso wake ulikuwa ule wa mtu anayekuta majibu mawili yanayofanana katika karatasi za wanafunzi wawili.

"Bon," alisema polepole. "Kuna la kumi na mbili. Yaani kwa saa ndilo la kumi, lakini mimi nililipita."

Futi alisema kwamba kumi na moja yanatosha, na kwamba kahawa inapoa. Spika alimkumbusha kwamba sheria inataka yote yasomwe.

"Ni maneno yale yale," Antena aliendelea. "Herufi kwa herufi. Ila hili limeandikwa saa moja na dakika nne. La Mpenda Ukweli ni la saa moja na dakika tisa. Hili la kwanza lina jina jingine."

"Jina gani?" Clotilde aliuliza.

Antena alikisogeza kioo karibu na macho. "Mutua, Mpima Ardhi, Kakuma."

Futi alicheka kicheko kimoja kifupi ambacho hakikupata mwenzake. Alisema Mutua ni wengi nchi hii. Alisema wezi wa majina wamejaa mtandaoni. Alisema kisomaji cha Antena ni cha bure, na kitu cha bure hakina dhamana. Antena, ambaye huvumilia matusi yote isipokuwa yanayokigusa kisomaji chake, alifungua ukurasa wenyewe wa Christelle na kutuonyesha. Maoni ya saa moja na dakika nne hayakuwapo pale.

"Unaona," alisema Futi. "Hayapo. Kwa hiyo hayakuandikwa."

"Hapa hayapo. Kwenye kisomaji yapo."

"Hayawezi kuwepo huko."

"Kwa nini hayawezi?"

"Kwa sababu niliyafuta mimi mwenyewe."

Spika alikiweka kikombe chini, akasogea kwenye benchi ili amwone Futi vizuri.

Antena, kwa upole wa darasani, alimweleza. Kisomaji hakisubiri mtu abadilishe mawazo. Kikiona neno jipya, hulibeba palepale. Ukilifuta huko ulikoliandika, umelifuta kwako tu. Wenye visomaji wote wameshalipata, na huenda Bi. Makena ni mmoja wao. Spika alitafsiri kwa manufaa ya mkutano: mbuzi akishakunywa kisimani, huwezi kumrudishia kiu.

"Dakika tano nzima na jina yako wazi, Futi," Spika aliongeza. "Wewe unapima shamba ya watu, na dakika tano imekushinda kupima."

Tulimtania kwa muda wa kutosha. Alipoulizwa kwa nini, alijibu akitazama viatu vyake.

"Lodwar ni kubwa. Wakionja hii kahawa, watamwambia abaki. Watampa kibanda, watampa jiko la gesi. Nani atarudi Kakuma akipewa gesi?" Aligeukia jiko. "Mke wangu na watoto wako Mwingi. Naenda nyumbani Desemba na Aprili. Hizo siku zingine zote, mtu wa kwanza kuniuliza kama nimelala vizuri ni huyu mama. Niliona wakimchukua, hapa patakuwa benchi tu."

Clotilde alimgeukia. Sikuweza kusoma uso wake, nami husoma nyuso kwa bidii.

"Papa Mutua," alisema, "ungeniuliza tu. Ni siku tatu. Ya nne niko hapa. Kambi yangu ni hapa, watoto wangu wanasoma hapa, jiko langu ni hili. Gesi mimi naogopa."

Ilikuwa saa nne kasorobo. Nilitoa pendekezo, kwa kuwa mtu fulani alipaswa kulitoa: Futi aandike maoni mapya kwa jina lake kamili, kabla ya saa sita, na ayaache bila kuyafuta. Pendekezo lilipita bila kupingwa, naye mshtakiwa akapiga kura ya ndiyo.

Kazi ya kuandika ilikuwa ngumu kuliko ya kukiri. Spika alitaka maoni yaanze kwa kuwasalimu wazee wote wa Turkana, kutoka Lokichoggio hadi Katilu, kwa ejok ya heshima. Antena alitaka nukta na mkato zikae mahali pake. Mimi nilishauri sentensi nne: nilichofanya, kwa nini, ukweli ni upi, ninaomba nini. Futi mwenyewe alitaka kuandika kwamba hakuna kahawa bora kuliko ya Clotilde Afrika Mashariki na Kati.

Clotilde alikataa.

"Usinisifu," alisema. "Uongo wa kusifu ni uongo pia. Ile Alhamisi iliyopita kahawa ilikuwa nyepesi. Iliniishia. Niliongeza maji, nikanyamaza. Andika ile."

Tulimtazama kwa mshangao. Futi ndiye aliyeshangaa zaidi, kwani ilibainika kwamba Alhamisi ile hakuhisi lolote. Aliandika kwa kidole kimoja, akiyatamka maneno, sheria ikitaka hivyo.

"'Mimi Mutua, mpima ardhi wa Kakuma, ndiye Mpenda Ukweli. Nilimchafulia Clotilde jina kwa kuogopa kwamba mkimchukua hatarudi. Kahawa yake ilikuwa nyepesi Alhamisi moja tu, na siku hiyo nilikunywa vikombe vitatu bila kugundua. Mpeni barua, ana mtoto wa kumwona huko. Siku ya nne tunamtaka hapa.'"

Alibonyeza. Kisha alimpa Spika simu yake aishike, ili mkono usije ukamrudisha nyuma.

Tulisubiri. Antena alikiamuru kisomaji kitazame upya kila baada ya muda mfupi. Saa tano kilituletea mtu wa Kalobeyei aliyemwita Futi kondoo. Saa tano na robo kilileta wawili waliomsifu kwa ujasiri, na mmoja aliyetangaza dawa ya meno. Abuk mwenyewe aliandika kutoka Lokichoggio kwamba yeye alidhani mambo kama haya yanatokea mjini tu. Clotilde aliosha vikombe vilivyokuwa safi. Alivipanga, akavipangua, akavipanga tena. Hakuna aliyeomba kikombe cha pili, na hakuna aliyeondoka.

Saa sita na dakika mbili Antena aliinua mkono.

"Makena," alisema, na akasoma bila kukohoa. "'Kamati imesoma maoni yote, pamoja na yaliyofutwa. Kila mgombea alikuwa na mashahidi wa kumsifu. Ni Clotilde peke yake aliye na shahidi aliyekubali kujiaibisha hadharani kwa ajili yake. Barua itaandikwa leo. Aje Jumatano ijayo. Mkutano utaanza Alhamisi.'"

Clotilde alijifunika uso kwa kanga. Alipouonyesha tena, ulikuwa uso wa mtu mwenye orodha ndefu ya kazi. Alisema atahitaji kusaga kahawa mara mbili ya kawaida, kununua tangawizi, na kumtafutia mtoto wa Sylviane kofia. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria: kwa siku zote hizo, nani atakaa na jiko.

Jicho lake lilikuwa limeshachagua. Futi alisimama, akavua kofia, akakubali.

Hapo ndipo benchi zilipopungua watu. Spika alikumbuka mbuzi wake wa Lopur, ambao alisema wangemhitaji wiki ijayo yote. Antena alikumbuka mitihani. Mimi nilikuwa na ripoti, na hiyo ripoti ipo kweli. Tuliagana kwa heshima zote.

Nilipogeuka barabarani, Futi alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, ameshika kijiko kama mtu anayekadiria mpaka wa shamba. Alimwuliza Clotilde kahawa huwekwa kiasi gani kwa birika moja.

"Weka mpaka uone haya," Clotilde alisema. "Kisha ongeza kijiko."