Beberu Kamanda na Watu wa Kati

Jumatatu, 9 Juni 2025

Manyunyu tangu asubuhi. Nkubu nzima inanuka sweta mbichi. Vita vimeanza rasmi.

Chama chetu cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa kimeajiri binti kutoka Majimbo, Embu. Anaitwa Lorna. Ameleta mfumo mpya wa kompyuta, na ndani yake kitu anachokiita tabaka. Kwake mbuzi ni mbuzi mzima: ana jina, baba, mama, kikundi. Tabaka linamgawa vipande, kila kipande kwenye jedwali lake ndani ya hifadhidata, na ukimhitaji tena linamuunga. Mtumiaji hagusi jedwali kamwe.

Yaani dalali! Mimi Runji, niliyepambana na madalali wa kahawa nikiwa bado na nywele, niongee na data yangu kupitia dalali! Nimeyaamrisha majedwali kwa mkono wangu tangu Lorna akiwa chekechea. Nimeandika makala ndefu kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Nimetaja Mapinduzi ya Ufaransa mara mbili. Nthiga, mwenyekiti wetu, amejibu kwa kidole gumba.

Baadaye akanipigia. Ijumaa kamati itaamua kama nywila ya hifadhidata itabaki kwangu au itaenda kwa Lorna. Bila nywila hiyo mimi ni nani? Mtu wa kujaza wino kwenye printa.

Jumanne, 10 Juni

Fursa. Mama mkwe, kiongozi wa kikundi cha akina mama wa Mikinduri, anamtaka Kamanda, beberu bora wa chama. Hakuniambia yeye. Mkwe haongei hivihivi na mama mkwe, na habari za mabeberu hazitajwi kabisa. Alimwambia mke wangu Gacheri, naye Gacheri akaniambia mimi. Ndivyo tulivyoishi tangu mshenga alipopeleka posa yangu.

Kila beberu huzungushwa kikundi hadi kikundi, asije akapanda binti zake. Zamu hupangwa na mfumo. Nimemwomba Lorna ampange Kamanda Mikinduri. Tabaka limekataa. Maandishi mekundu, marefu. Lorna akasema, Mzee, likikataa lina sababu, ngoja nirudi tusome pamoja. Tusome! Mzee!

Sikungoja. Alipokwenda kunywa chai nilifungua hifadhidata yenyewe, nikaandika mstari mmoja. Kamanda: Mikinduri. Hakuna aliyeulizwa, hakuna aliyekataa. Karatasi ya safari ikatoka kwenye printa, safi kabisa. Ijumaa nitaiambia kamati habari za mama mkwe anayeshangilia.

Alhamisi, 12 Juni

Kamanda alifika Mikinduri jana kwa pikapu, utepe shingoni. Utepe nilinunua mimi. Gacheri anasema mama yake alimpokea kwa nyimbo. Nimeandaa hotuba. Kichwa chake: Mstari Mmoja.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika nikiwa stoo, nyuma ya magunia ya chakula cha mifugo. Sitoki mpaka wote waende nyumbani.

Nilikuwa katikati ya hotuba. Nimefika pale pa kusema kwamba mwenye neno alipeleke mwenyewe, asimtume mtu. Simu ikalia. Mama mkwe. Tangu nimwoe bintiye hajawahi kunipigia. Nikajua ni shukrani. Nikaweka spika, kamati isikie.

"Baba Kinya," akasema, "jambo hili sikuona mtu wa kumtuma, nikaamua nije kwako moja kwa moja. Wale majike uliotugawia mwaka jana wana mstari mweusi mgongoni. Leo jua limetoka, tukamwona huyu beberu vizuri. Ana mstari uleule. Umewaletea baba yao."

Kisha akaeleza. Taratibu, bila kuficha neno: Kamanda amefanya nini tangu Jumatano, na jike yupi, na nani alishuhudia. Mama mkwe wangu! Kwa kinywa chake! Nilitazama sakafu. Nthiga alitazama dari. Katibu aliyekuwa akiandika kumbukumbu aliweka kalamu chini. Simu sikuweza kuikata, maana mkwe hamkatizi mama mkwe. Akamalizia kwamba wameyangoja maziwa hayo mwaka mzima, na sasa majike hao watazaa vilema wasioandikishwa popote.

Lorna aligeuza kompyuta yake, kamati ikasoma yale maandishi mekundu. Kiswahili cha darasa la tatu: Kamanda ni baba wa majike wa kikundi hiki. "Sheria niliiweka kwenye tabaka, Mzee," akasema. "Ukiingia kwa dirisha, hukutani na mlinzi."

Majike wale niliwagawa mimi. Mimi mwenyewe. Nywila imekwenda kwa Lorna. Hakuna hata aliyepinga.

Jumapili, 15 Juni

Jana nilikwenda kumrudisha Kamanda. Nilisimama mbali na lango, Gacheri akaingia kumfungua. Mama mkwe hakutoka nje. Wenzake walitoka wote. Mmoja akaniuliza kama nimekuja kumchukua baba au bwana harusi. Nikakohoa. Kamanda alipanda pikapu kichwa juu. Mwenye aibu nilikuwa mimi peke yangu.

Leo kanisani nimekaa benchi la nyuma. Tukirudi, Gacheri akasema kwamba mimi, adui mkubwa wa watu wa kati, sijawahi kumwambia mama yake hata pole bila kupitia kwake. Akasema pia kwamba simu ile ingepitia kwake, leo ningekuwa na uso. Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa, kwa unyenyekevu wa kweli.

Kisha nikaandika waraka mpya, kurasa nne. Nimempa Gacheri amsomee mama yake, mama yake amsihi Nthiga, na Nthiga amweleze Lorna, neno kwa neno, kwamba mimi watu wa kati siwataki.