Mwalimu Damien na Robo Saa ya Chambre Froide

Tegeni masikio, enyi watu wa Majengo na Himbi, nanyi wa Keshero mnaochota maji ziwani! Shusheni madumu, zimeni pikipiki, na mwenye kukohoa akohoe sasa. Maana huyu ni Damien Kambale, mwalimu wa jiografia hapa Majengo, simba wa ubao mweusi, aliyefundisha habari za barafu miaka kumi na tisa pasipo kuigusa. Na hivi ndivyo alivyoingia vitani dhidi ya baridi, siku ya Jumamosi, saa nne ya asubuhi.

Chanzo cha vita kilikuwa barua. Miaka mitatu wanafunzi wake walikuwa wakiandikiana na watoto wa kijiji kimoja cha Groenland, kule juu kabisa ya ramani, kijiji cha watu themanini kisichofikiwa na barabara yoyote. Mwalimu wa kule akamwalika aje mwezi wa tatu, azungushwe vitongoji vyao kwa gari la kuburutwa na mbwa juu ya barafu. Viza ilitoka. Tiketi ilitoka. Ikabaki baraka ya mama yake. Na pasipo baraka hiyo Damien, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, hajawahi kuvuka hata kwenda Gisenyi, mji ulio ng'ambo tu ya mpaka.

Mama Katungu, binti wa Butembo, mwenye sauti ya kunyamazisha kwaya, akasimama sebuleni akanena:

"Mutoto wangu, nilikuzaa, ninakujua. Wewe mwenye unaoga maji ya moto saa sita ya muchana! Wewe mwenye unavaa koti juu mvua imenyesha kule mbali Sake! Kule batu banatembea juu ya bahari yenye imekuwa jiwe. Ingia kwanza chambre froide ya Papa Buhendwa, ile chumba yake ya kugandisha samaki, ukae robo saa. Ukiimaliza, nitakubariki. Ukitoka mbele ya ile saa, ile tiketi nitawashia nayo makala ya jiko."

"Umesema, Mama," akajibu Damien. "Na iwe hivyo."

Basi shujaa akavaa silaha: sweta mbili, ya pili kinyumenyume, koti la marehemu baba yake, soksi za kuchezea mpira miguuni na nyingine mikononi, na kitenge cha dada yake kichwani, kikafungwa chini ya kidevu, hata akafanana na shangazi anayekwenda matangani. Wakashuka yeye na mama yake hadi kwa Papa Buhendwa, bwana wa samaki waliogandishwa, naye akafungua mlango wa bati mnene, moshi mweupe ukatoka.

"Mwalimu," akasema Buhendwa kwa taadhima, "miaka kumi ninaweka samaki humu. Hakuna hata moja ilitoka ikilalamika."

Mlango ukafungwa.

Dakika ya kwanza baridi ilituma wajumbe; ya tatu ikatuma jeshi. Ikateka masikio, ikateka pua, ikayazingira magoti, na masharubu ya mwalimu yakasimama kama misumari. Damien akakimbia pale pale katikati ya makatoni, akiita kwa sauti miji mikuu ya dunia, hata midomo ikagoma kutamka Ouagadougou. Akanyamaza. Dakika ya saba akauona mlango kuwa mzuri kuliko milango yote. Mama alisema kweli, akawaza. Mimi ni mtu wa ramani tu. Akanyoosha soksi ya mkono wa kuume kwenye komeo.

Mara mlango ukafunguka kutoka nje, na Mama Katungu akajitupa ndani, blauzi nyepesi, viatu vya wazi.

"Damien! Mbona umenyamaza? Toka! Nilisema vile juu ya hasira tu!"

"Samaki yangu itayeyuka!" akalia Buhendwa, akausukuma mlango, na tazama, malkia naye amefungiwa uwanjani.

Damien akaliacha komeo, akalifungua koti la baba yake, wakaingia wote wawili. Mama akawa anatetemeka kifuani pake, mdogo kuliko alivyodhani.

"Na bamama ba kule," akauliza Mama, "banabeba batoto namna gani?"

"Mugongoni, Mama. Ndani ya kofia kubwa ya koti."

"Mugongoni?"

"Kama ulivyonileta kutoka Butembo."

Mama akajivutia koti karibu. "Na bamama bazee? Nani anabaangalia?"

"Wameandika kwamba mwindaji akirudi, nyama ya kwanza inaenda kwa mama muzee kuliko wote."

"Basi ni batu," akasema Mama Katungu, na akaendelea kuuliza: kama wanasali, kama wanacheka, wanazika wapi wafu wao ardhi ikiwa jiwe. Damien akajibu yote aliyoyajua, na kwa asiyoyajua akasema, "Hiyo nitaenda kuona."

Mlango ukapigwa ngumi na Buhendwa kutoka nje. "Dakika makumi mbili na moja! Munachagua samaki ao munahamia?"

Wakatoka, nyusi zao nyeupe, na wauza samaki waliokusanyika nje wakapiga vigelegele. Mama Katungu akaweka kiganja, baridi kama bati, juu ya paji la uso wa mwanawe.

"Enda, mutoto wangu. Mungu akutangulie. Kwa yule mama muzee utapeleka jibini ya Masisi, umwambie inatoka kwangu."

Na iandikwe, enyi wenye kalamu, kwamba siku hiyo Majengo iliishinda ncha ya dunia. Aliyeshinda hasa ni nani, wauza samaki wanabishana mpaka leo. Ila Papa Buhendwa aliwatunuku mashujaa hao samaki mmoja mmoja, na yule wa Mama Katungu ndiye aliyekuwa mkubwa.